Kutu ya boti na makaa ya vifuu: naweza kutoa anodi ya betri hapa hapa Tanga?

Kijana_wa_Chumbageni:

Wakuu habari za jioni, msaada kwenye tuta. Niko mwaka wa tatu kemia, chuo kiko Dar ila likizo hii nimerudi nyumbani Tanga, na nikirudi natakiwa nipeleke mada ya projekti. Sasa miezi kama miwili hivi nimezama kwenye betri za lithiamu, hasa upande wa anodi, yaani ule upande hasi unaopokea lithiamu wakati unachaji. Kwenye simu zetu karibu zote hapo kuna grafiti, hii hii kinywe tunayoisikia ya Mahenge na Ruangwa, na yenyewe mwisho wake ni 372 mAh (kipimo cha chaji) kwa gramu, hapo huvuki hata ufanyeje kwa sababu kaboni sita zinabeba lithiamu moja basi.

Halafu nikakutana na oksaidi za metali. Fe2O3, ambayo jamani ni kutu tu, KUTU, imeandikwa 1007. Nikadhani wamekosea kuchapa, nikakaa na kalamu mwenyewe: mole moja ya elektroni ni 26,801 mAh, kutu inameza elektroni sita, zidisha, gawanya kwa uzito wa mole moja ya kutu, gramu 159.7, inakuja 1007 kweli bila chenga. Karibu mara tatu ya kinywe!

Sasa jana nimeshuka Deep Sea kununua samaki, pale pembeni kuna boti la chuma limelala siku nyingi, kutu inabanduka mabamba mabamba kama maandazi yaliyolala. Na bibi yangu yuko Kigombe, vifuu vya nazi kwake ni kuni tu za kuchemshia maji ya kuoga. Nikajiuliza, nikisaga ile kutu iwe laini kabisa mpaka kiwango cha nano (nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita), nikaichanganya na makaa ya vifuu, si ndo tayari nina anodi? Kila nikisoma nakuta watu wanachanganya oksaidi na kaboni hivyo hivyo.

Maswali yangu: inawezekana? Na kama kutu ni nzuri hivyo kwa nini wenye viwanda bado wamekomaa na kinywe? Wajuzi naombeni msinicheke.

Gosi_la_Baiskeli:

Mgosi usicheke ndo nini, mimi nishacheka tayari 😂 Kama kutu ni betri basi baiskeli yangu niliyorithi kwa mzee inaweza kuwasha taa kuanzia Ngamiani mpaka Raskazone. Upepo huu wa bahari tungekuwa tunauza umeme Kenya. Ila endelea kaka, nakaa pembeni hapa na kahawa yangu.

FundiSola_Ngamiani:

Mdogo wangu mimi si mkemia, mimi nafunga sola na kufufua betri, hivyo nitakwambia ninayoyaona mezani kwangu tu, wataalamu watakuja.

Neno nano kwanza limeniletea kesi. Kuna nahodha wa dagaa alikuja na betri ya taa zake, kauziwa na mtu wa kupita, kaambiwa hii ni nano grafini inakaa mara tatu ya betri ya kawaida. Usiku wa pili wako nje taa zikazima, dagaa wakasambaa, akarudi na hasira ananiangalia mimi kama vile nilimuuzia mimi. Nikafungua boksi. Ndani seli za 18650, unazijua, zile za duara za milimita 18 kwa 65, kila moja imeandikwa 9900 mAh. Nikazipeleka kwa jirani yangu sonara, mizani yake haidanganyi, seli moja gramu 31. Seli nzuri ya kwenye kompyuta iliyokufa kioo niliyokuwa nayo mezani ilikuwa gramu 46. Nikaipa mzigo nikahesabu ikatoa kama 1,100 tu. Seli za ukubwa ule zilizo bora kabisa utakazokutana nazo zinacheza kwenye 3,500 huko, sasa 9900 inatoka wapi? Kwa hiyo ukiona namba mara tatu, weka kwenye mizani kwanza.

La pili, usije ukafungua seli kuangalia anodi. Mimi nilifanya ujinga huo zamani, nikakata moja ambayo nilidhani imekufa. Ndani kuna karatasi ndefu ya shaba imepakwa kitu cheusi, ila baadhi ya sehemu zilikuwa zinang'aa rangi ya DHAHABU kabisa. Nikasema leo nimepata mali. Kabla sijamaliza kusema ikaanza kufuka moshi, nikaitupa kwenye mchanga. Mpaka leo sijui ile dhahabu ilikuwa nini, mwenye kujua aseme.

Mama_Elektrodi:

Fundi nianze na wewe maana hiyo dhahabu yako imenifurahisha. Ulichokiona ni kinywe iliyoshiba lithiamu. Grafiti tupu ni nyeusi kijivu, ikijaa kiasi inaenda rangi ya bluu iliyoiva, ikifika nusu nyekundu nyekundu, ikijaa kabisa, ile kaboni sita kwa lithiamu moja aliyosema kijana, inakuwa dhahabu. Kwa hiyo seli yako haikuwa imekufa, ilikuwa na chaji ya kutosha, na lithiamu ile ikikutana na unyevu wa hewa ya Tanga ndo ule moshi. Shukuru Mungu ulikuwa na mchanga karibu. Na ile dawa ya ndani, yale majimaji yanayopitisha lithiamu, ina chumvi ya floridi, ikikutana na maji inatoa asidi ya haidrofloriki, hiyo hata mvuke wake hautaki mchezo.

Kijana sasa. Hesabu yako ni sahihi kabisa, 1007 ni kweli. Umekosea kitu kimoja tu, umedhani hiyo namba ni ya betri. Ni ya unga wako peke yake. Mimi nimefanya kazi na hizi oksaidi miaka kadhaa, nilianza na moto kama huu huu wako, ngoja nikueleze zilivyonikalisha chini.

Kwenye kinywe lithiamu inaingia kama mpangaji. Zile tabaka za kaboni zimeachana kama nanomita 0.335, mpangaji anaingia katikati, nyumba inatanuka kidogo kama asilimia 10, akitoka kuta zipo vilevile. Ndo maana inachajiwa mara elfu na zaidi. Kutu haina vyumba vya kupangisha. Lithiamu ikija inaivunja nyumba yenyewe: inaichukua oksijeni yote, inakuwa oksaidi ya lithiamu, na chuma kinabaki vipunje vidogo sana vya nanomita chache vimetapakaa humo. Ukitumia betri, unajenga nyumba upya. Kesho ukichaji unabomoa tena. Kila kubomoa na kujenga ule unga unavimba karibu maradufu kisha unasinyaa, chembe zinapasuka, zinaachana na karatasi ya shaba, na chembe iliyoachana na shaba haina umeme tena hata kama imejaa lithiamu, ni mali iliyofungiwa.

Zamani watu waliona hii haiwezekani kurudishika. Mwaka 2000 kundi la Tarascon kule Ufaransa likaonyesha kwamba ukianza na chembe za nano za oksaidi za kobalti, nikeli, chuma au shaba, inarudi, na wakapata kama 700 mAh kwa gramu. Hapo ndo dunia nzima ikakimbilia huko, mimi pia. Kwa nini nano inasaidia? Lithiamu inatembea ndani ya kitu kigumu polepole mno, na muda wake unakua kwa mraba wa umbali. Chembe ya maikromita 10 ukiishusha mpaka nanomita 100 umepunguza umbali mara 100, muda umepungua mara 10,000. Na chembe ndogo ikivimba haipasuki kirahisi kama kubwa.

Kaboni kazi yake hapo si kuongeza namba, yenyewe inaishusha. Inashika. Oksaidi ya chuma inapitisha umeme vibaya, kaboni inakuwa waya wake. Ikivimba kaboni inatoa nafasi, chembe zisigandane zikawa bonge. Ndo maana unaona watu wanafunika kila chembe kwa ganda la kaboni, wengine wanaiotesha juu ya grafini (tabaka moja tu la kaboni) au neli za kaboni, wengine wanatengeneza mipira yenye uwazi ndani ivimbie huko huko. Kwa hiyo ule mchanganyiko wako wa kutu na makaa kama wazo uko sawa. Ila kusaga pamoja kwenye kinu ni kama kuchanganya mchele na mchanga, zimekaa pamoja lakini hazijashikana. Inabidi oksaidi iote juu ya kaboni yenyewe, mara nyingi kwa kupika chumvi ya chuma na kaboni ndani ya chombo cha presha chenye maji, nyuzi 150 mpaka 200, usiku kucha.

Sasa kwa nini viwanda havitaki. Chukua kalamu yako ileile. Betri ina pande mbili. Weka kathodi, yaani upande chanya, ya fosfeti ya chuma, hizi za betri za sola za sasa, ipe 160 mAh kwa gramu. Upande wa pili weka kinywe, tuseme 350 halisi. Ukijumlisha uzito wa pande zote mbili unapata kama 110 kwa gramu ya mchanganyiko. Ondoa kinywe, weka kutu yako ya 1000. Unapata 138. Mara tatu imekuwa robo tu, kwa sababu kathodi bado ni nzito ileile.

Bado. Volti. Ukipima kila upande dhidi ya lithiamu tupu, kathodi ile iko kwenye volti 3.4, kinywe iko karibu na 0.2, tofauti 3.2 ndo betri yako. Kutu ikiwa inaachia lithiamu iko huko kwenye 1.7. 3.4 toa 1.7 inabaki 1.7. Zidisha sasa: kinywe 110 kwa 3.2 ni 352. Kutu 138 kwa 1.7 ni kama 235. Umeweka anodi ya "mara tatu" na betri yako IMEPUNGUA nguvu kwa theluthi moja. Mimi hesabu hii nilioneshwa na mwalimu wangu nyuma ya bahasha, wakati huo nilikuwa nimeshapoteza mwaka na nusu.

Na kuna baya zaidi kwa watu wa sola. Kutu inapopokea lithiamu iko kwenye 0.8 hivi, inapoachia iko 1.7. Maana yake unachaji betri kwa 2.6 unapewa 1.7. Theluthi ya umeme wa jua imeishia kuwa joto kila siku hata kama betri ni mpya. Kinywe haina tabia hiyo. Hili watu hawaliandiki kwenye vichwa vya habari.

Kijana_wa_Chumbageni:

Aisee dada asante sana, nimesoma mara tatu, hiyo hesabu ya mwisho imenivunja mbavu halafu imenivunja moyo. Ila nikubishie kidogo usinikasirikie, mbona nimeona tafiti wanaonyesha grafu ya mizunguko 500, wengine 1,000, na namba haishuki, kuna moja mpaka inapanda! Wanadanganya? Na kama oksaidi hazifai kabisa mbona wanaziandika kila siku?

Mama_Elektrodi:

Hawadanganyi, wanapima kitu kingine. Angalia wamepima na nini upande wa pili. Utakuta wameweka kipande cha metali ya lithiamu, hiyo tunaita seli nusu. Pale lithiamu ni bahari, hata upoteze kiasi gani inakuja nyingine. Kwenye betri ya kweli lithiamu yote inatoka kwenye kathodi, imehesabiwa kama mboga ya msiba, kila sahani ina chake.

Sasa chaji ya kwanza kabisa, dawa ya ndani inaungua kidogo juu ya anodi inatengeneza utando mwembamba. Utando ni mzuri, ndo unaolinda, ila unakula lithiamu na hairudi. Kinywe inapoteza chini ya asilimia 10 siku hiyo ya kwanza. Oksaidi za nano zinaweza kupoteza asilimia 25 mpaka 35, kwa sababu umeifanya chembe iwe ndogo ili iwe na kasi, na udogo uleule umeipa ngozi kubwa ya kuweka utando. Faida na hasara zimetoka mfuko mmoja. Halafu ikivimba utando unapasuka, unajengwa mpya, inakula tena. Kwenye seli nusu huoni chochote. Kwenye seli kamili betri inakufa baada ya wiki. Na ile namba inayopanda, sehemu yake ni aina ya ute unaojengeka juu ya chembe na kuyeyuka, unapokea na kutoa chaji kidogo, hauwezi kuutegemea.

Kitu kingine ni ujazo. Unga wa nano ni mwepesi kama machicha yaliyokauka. Kwa kilo anaonekana mshindi, ukimpima kwa pishi anashindwa, na simu inapimwa kwa pishi.

Oksaidi hazifai kabisa? Sijasema. Kuna moja iko sokoni kweli na fundi huenda ameishika, titaneti ya lithiamu. Yenyewe ni 175 tu, nusu ya kinywe, na iko juu kwenye volti 1.55, kwa karatasi ungesema haifai hata kuitazama. Lakini haivimbi, chini ya asilimia 1, na kwa kuwa iko juu kwenye volti lithiamu haigandi juu yake ukichaji kwa haraka. Toshiba wanaiuza kwenye betri zao tangu 2008, inachajiwa mara maelfu. Yaani katika ukoo mzima wa oksaidi aliyeolewa ni yule mpole. Bati nayo ilijaribiwa (bati la kopo si bati la kuezekea, gosi usianze), Sony waliwahi kutoa betri ya bati, kobalti na kaboni mwaka 2005. Na silikoni leo inachanganywa asilimia chache ndani ya kinywe, zaidi ya hapo inavimba karibu mara nne inaleta balaa.

Gosi_la_Baiskeli:

Nilikuwa nishaanza kuandika kuhusu bati la kuezekea 😂 nimefuta. Mboga ya msiba hiyo nimeielewa kuliko chochote, hapo nyuma nilikuwa naona nyota tu.

Mpasua_Nazi_Bwy:

Naingilia toka Bagamoyo. Kemia sijui ila makaa ya vifuu naijua, ndo kazi yetu na shemeji yangu, tunachoma kwenye pipa. Kijana asidhani kifuu kikishakuwa cheusi ndo kimeiva. Tunajaza pipa, tunawasha chini, moshi wa kwanza unatoka mweupe mzito unawasha macho, huo ni maji na lami. Baadaye unakuwa wa manjano, halafu bluu mwembamba. Ukiona juu ya pipa hewa inacheza tu kama juu ya lami ya barabarani saa saba mchana na moshi hauonekani, hapo funika, ziba kwa udongo, lala, usifungue mpaka kesho. Ukifungua na moto upo unapata majivu na lawama. Kaa lililoiva ukiligonga linalia kama kigae, lililolala linatoa sauti ya gamba la mti na linachafua mkono. Sasa kama kuna mtu anataka kununua kwa ajili ya betri aseme, maana huku wanaochoma nyama ndo wateja wetu.

Mama_Elektrodi:

Shemeji umesema jambo zito bila kujua. Hapo kwenye vifuu ndo ningependa kijana aelekee kuliko kwenye kutu.

Kuna kaboni inaitwa kaboni ngumu, haijipangi tabaka nadhifu kama kinywe hata uichome vipi, imevurugika kama rundo la kadi zilizomwagika, na vifuu vya nazi ni moja ya malighafi zake zinazojulikana. Tabaka zake zimeachana zaidi, 0.37 mpaka 0.40, kwa hiyo hata sodiamu inaingia, wakati kwenye kinywe sodiamu inagoma. Betri za sodiamu zinazoanza kuuzwa sasa anodi yake ni hiyo, inatoa kwenye 300 mAh kwa gramu. Kinywe ya kutengeneza inataka tanuri la karibu nyuzi 3000, kaboni ngumu inataka 1000 mpaka 1400. Na usione kama ni kitu cha daraja la pili, betri ya kwanza ya lithiamu iliyouzwa, ya Sony mwaka 1991, haikuwa na kinywe, ilikuwa na kaboni iliyotoka kwenye koki (si koki ya bomba, ni mabaki magumu ya kaboni ya petroli). Kinywe ilibidi isubiri dawa inayofaa, maana za mwanzo zilikuwa zinaibandua tabaka. Na aliyeonyesha mwanzoni kabisa, kama 1980, kwamba lithiamu inaingia kwenye grafiti na kutoka salama ni Mwafrika mwenzetu, Rachid Yazami, Mmoroko, akiwa Grenoble.

Ila kaa la pipa peke yake halitoshi. Pipa linafika labda 500 au 600, hapo kaboni bado haipitishi umeme vizuri. Hili unaweza kulipima nyumbani bila maabara. Chukua kaa, weka ncha mbili za mita ya fundi kwa umbali wa sentimita moja, soma ohm. Kaa lililochomwa chini ya 600 litakupa megaohm au litakataa. Lililovuka 800 linashuka ghafla mpaka mamia au makumi ya ohm. Fanya hiyo kabla ya kitu chochote.

Halafu kifuu kina potasiamu na chumvi nyingine, lazima uuoshe unga kwa asidi nyepesi ya haidrokloriki kisha maji safi mpaka yasiwe na ukali. Na usichanganye na makaa ya kuchujia maji yale yanayotobolewa matundu kwa mvuke, yale gramu moja ina ngozi ya mita za mraba zaidi ya elfu, yatakula lithiamu yote siku ya kwanza kwa sababu niliyoeleza.

Kutu ya boti iache baharini. Ile si Fe2O3 tupu, ni mchanganyiko na kutu zenye haidrojeni, na ya maji chumvi inashikilia kloridi ndani yake, itakutafuna karatasi ya shaba. Ukitaka oksaidi ya chuma chuo kina chumvi za chuma kabatini, utaitengeneza safi kwa siku moja.

FundiSola_Ngamiani:

Dada dhahabu yangu umenipokonya lakini asante. Swali moja, huyu kijana atapimia wapi? Maana umesema unyevu na hapa Tanga masika chumvi ya mezani yenyewe inageuka maji.

Mama_Elektrodi:

Swali zuri sana fundi, na ndo linaua projekti nyingi. Seli ya lithiamu inafungwa ndani ya sanduku lenye glovu lililojaa gesi ya agoni, unyevu chini ya sehemu moja kwa milioni. Kama chuo chake hakina, asilazimishe. Afanye elektrodi hiyohiyo ya oksaidi ya chuma na kaboni ya vifuu ndani ya maji ya potashi (haidroksaidi ya potasiamu), kwenye bika wazi mezani. Chuma ndani ya potashi kinafanya kazi vizuri, Edison alitengeneza betri ya nikeli na chuma mwanzoni mwa miaka ya 1900 na zipo zilizodumu miongo. Nzito, zinavujisha chaji, zinatoa haidrojeni, lakini hazilipuki ukizidondosha na sola haijali uzito. Kutu yako kule ina kazi, kijana. Kwenye lithiamu ndo haina.

Kijana_wa_Chumbageni:

Wakuu nimerudi. Nilienda Kigombe juzi, bibi akanipa vifuu gunia zima akidhani naanza biashara. Nikafanya kama alivyosema mzee wa Bagamoyo ila kwenye debe, na mengine nikayachukua nikayafungia kwenye kopo la maziwa nimetoboa tundu dogo, nikaomba kwa mhunzi mmoja hapa jirani na nyumbani ayaweke kwenye moto wake wa kuvuvia, kopo likawa jekundu kabisa mpaka rangi ya chungwa, dakika arobaini hivi, mpaka kopo lenyewe likaanza kulika upande mmoja.

Mita nimeazima kwa fundi (asante fundi, nitairudisha Jumamosi). Kaa la debe: mita inakataa, moja ndo ilinipa megaohm 3 halafu ikapotea. Kaa la mhunzi: la kwanza 140, la pili 85, la tatu 60 ohm. Nimerudia mara nyingi mpaka mama akauliza kama naongea na makaa. Na kweli yanalia kama kigae!! Ila yaliyokuwa upande ule kopo lililika yana majivu meupe juu na mita inarukaruka. Mada nadhani nabadilisha, naandika kaboni ya vifuu na oksaidi ya chuma ndani ya potashi. Dada kuna cha kurekebisha?

Mama_Elektrodi:

Umeanza vizuri kuliko nilivyoanza mimi. Yenye majivu yatupe, hewa iliingia pale. La 60 na la 85 saga pamoja, chekecha kwa kitambaa cha kanga kilichochakaa kama huna chekecheo la maabara, osha kwa asidi ukiwa chuoni si jikoni kwa mama. Andika rangi ya kopo na dakika kwenye daftari, rangi ya chungwa ni kama 900 na kitu, hiyo ni data. Moto wa kesho fanya kopo mbili pamoja, moja itoe dakika ishirini nyingine saa nzima, ulete ohm zake hapa.

Mpasua_Nazi_Bwy:

Kopo la maziwa ni jembamba mno, ndo maana limelika. Tafuta kipande cha bomba la maji la chuma, ziba ncha moja kwa udongo wa kichuguu na nyingine acha tundu la msumari. Ukija huku Bagamoyo ninalo moja, nakupa bure.